Baba Yako Anavua Pale Njiani

Baba Neema,

Ugonile, mume wangu. Pokea salamu za hapa nyumbani kwako, maana ukiwa hapo nyuma ya migomba unasikia kelele zetu tu, habari zenyewe hazikufikii.

Mimi mama Neema sijambo, ila kifua kinanibana na usingizi sina. Neema hajambo, yuko shuleni bweni, alikuja likizo akarudi, amerefuka mpaka nimeshusha pindo za sketi zote na bado magoti yanaonekana. Tumaini hajambo, ameng'oka meno ya mbele mawili, akiongea ni kama anapiga mluzi. Dada yako Sekela hajambo sana, huyo nitamweleza huko mbele. Ng'ombe hajambo, amezaa dume. Jogoo mwekundu, uliyekuwa unamnyonyoa shingoni, yupo, manyoya yameota tena na anatembea kama bwana harusi. Kakao imezaa kiasi, ngedere wanakula wao kwanza. Na baba yako hajambo. Yaani nilikuwa naweza kusema hajambo mpaka juzi. Sasa sijui, na ndiyo maana naandika, mimi niliyeishia darasa la nne. Usicheke mwandiko.

Nianzie kwenye njia. Ulipoondoka zilikuwa mbili. Masika yalipokuja mto ulikula ile ya nyuma inayopita kwenye mpunga, ukaacha korongo la kutisha, hata mbuzi hapiti. Imebaki moja tu, ya mbele, inayopita ukingoni mwa bwawa letu. Shambani ni hapo, kanisani ni hapo, gulioni Mwaya ni hapo, kisimani ni hapo. Na hapo ndipo alipokaa baba yako.

Matanga yako yalipokwisha na watu wakatawanyika, alimtuma Tumaini. "Mama, babu anasema umpe ile fimbo ya baba ya kuvulia." Nikaitoa juu ya dari, ile fimbo nyembamba uliyoachiwa na mgeni kule Matema ulipokuwa mlinzi, ile ya kuunganisha vipande viwili, pamoja na kikopo chako cha nzi wa manyoya, zile ndoano ulizozivika manyoya ziwe chambo. Nilifikiri anataka aiweke ndani kwake kama kumbukumbu. Kumbe anataka kuvua! Mzee wa kanisa, mwenye fimbo ya kutembelea mkono mmoja na fimbo ya mgeni mkono mwingine. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kile kigogo chako, na kila siku amekuwa hapo mpaka jua linazama. Chakula anapelekewa na Tumaini hapo hapo.

Wewe unajua maana yake kwangu. Tangu uliponitoa Ikolo ukanileta hapa sijawahi kumtazama baba yako usoni, wala yeye mimi, wala hatujasemeshana, na jina lake sijalitamka hata nikiwa na homa. Hata hapa siliandiki. Majirani siku hizi mkamwana anampakulia mkwe wali, wanakaa pamoja wanaangalia televisheni. Ninyi hapana. Ulikuwa unanitania, "Uliolewa nyumba ya zamani, mke wangu, hata mwiko wetu una kutu." Lakini ulikuwa unatangulia wewe njiani, ukiona kweupe unapiga mluzi, mimi natoka. Hukunichekesha tu, ulikuwa mlango wangu. Sasa nani atapiga mluzi? Tumaini anajaribu, mapengo yanapitisha upepo tu.

Basi natoka kabla hajaja na narudi akishaondoka. Nikichelewa kidogo asubuhi, maana kuna uji, kuna ng'ombe, nimefungwa humo humo mpaka jioni. Maji yakiisha yameisha. Siku moja nilikata shauri nipite kwenye kakao kwa kuinama, akakohoa karibu kabisa, nikakaa chini pale pale. Nikakaa juu ya siafu, baba Neema. Sikupiga kelele. Nililia kimya kimya huku najikuna, Tumaini amesimama njiani anaziba mdomo, "Mama, usicheke, babu anapita." Nani alikuwa anacheka!

Simchukii. Nataka ujue hivyo. Namwona mgongo kutwa nzima kupitia kwenye migomba, nadhani mgongo wa baba yako naujua kuliko ninavyoujua uso wa baba yangu mzazi. Ni mgongo wa mtu aliyeachwa. Lakini kuvua hajui. Wewe ulikuwa unautupa ule uzi kama mtu anayeweka kitu mezani, nzi anatua juu ya maji wala maji hayashtuki. Yeye anarusha kama anayefukuza ngedere. Nzi anakwenda kwenye matete, anavuta, uzi unakatika, anachukua mwingine kikoponi. Wale nzi uliowafunga kwa mkono wako, mmoja mmoja wanabaki kwenye matete. Wakati mwingine Tumaini anaingia kuwatafuta. Hapo ndipo roho inaniruka. Unajua upande ule ndiko tulikochimba udongo wa mwisho wa matofali ya nyumba hii, mguu ukikosea mara moja maji yako shingoni kwa mtu mzima. Namwita, "Tumaini, njoo uchambue mchele!" Mchele nimeshauchambua mpaka hauna hata pumba. Anasema, "Nakuja, mama, namsaidia babu." Na mimi siwezi kutoka kumshika mkono.

Nakumbuka asubuhi zetu pale. Baba yako akiwa bado amelala, wewe unanipa fimbo, "Shika kwa vidole, usishike kama mchi." Nilikuona umepungukiwa. Mwanaume mwenye watoto, anakwenda bwawani na kifimbo kama cha kuchapia mtoto, anamkamata perege wa kiganja, anamtazama, anamrudisha. Watu wote walicheka. Baba yako mwenyewe alisema kwa sauti ili nisikie jikoni, "Huyo samaki unayemwachia atakuombea kanisani?" Lakini siku ile perege aliposhika kwangu na fimbo ikapinda mpaka kwenye kiwiko, loo! Samaki mdogo, fimbo nyepesi, nikahisi nimefunga ng'ombe. Ukaniambia, "Mwachie aende kidogo, akichoka atarudi mwenyewe." Tangu hapo ni mimi niliyekuwa nakuamsha.

Sasa nikueleze la juzi.

Mafuriko ya mwaka huu yaliingiza mbasa, wale samaki wa mtoni, bwawani. Mmoja tu nilimwona, mkubwa, mwenye mgongo wa fedha, anazunguka ukingo wote na kurudi, anazunguka na kurudi, kama anatafuta mahali mto ulipo. Nilikuwa namwangalia kutoka kwenye migomba. Juzi, saa ya kuanika kakao, nikasikia Tumaini anapiga ukelele. Mbasa amemshika nzi wa baba yako.

Mzee akasimama. Akakumbatia fimbo kwa mikono miwili, akavuta kama anavuta ndama shimoni. Samaki akaruka, akaenda, na baba yako akaenda naye. Akaingia majini, viatu na yote, kule kule kwenye udongo wa mwisho, na Tumaini nyuma yake ameshika shati lake. Nikaona maji yamefika kifuani kwa mtoto.

Nikatoka. Nikapiga kelele: "Baba! Mwachie! Mwachie uzi, usimvute! Rudi nyuma, mtoto yuko nyuma yako!"

Nilimwita Baba. Kwa mdomo wangu.

Akaganda. Hakugeuka. Halafu, polepole, akateremsha fimbo, uzi ukatoka unalia, na yeye akarudi nyuma hatua kwa hatua akimsukuma Tumaini kwa kiuno mpaka nchi kavu. Mimi ningenyamaza hapo. Mtoto yuko salama, ningenyamaza, nirudi jikoni. Lakini samaki alikuwa bado yupo, baba Neema, na fimbo ilikuwa imepinda vile unavyoijua! Nikaendelea. "Sasa kunja uzi. Taratibu. Anakimbia, mwache. Inua ncha. Hapo hapo. Kunja." Na ule mgongo ukawa unanisikia. Kila nilichosema, ulifanya. Nilisimama karibu kiasi cha kuona mishono ya koti lake.

Mbasa akaja ubavu ubavu, amechoka. Baba yako akapiga magoti kwenye tope akamshika. Nikajua leo kuna kitoweo. Akatoa ndoano, akakaa naye majini kitambo kirefu, kisha akafungua mikono. Samaki akaenda. Yule mzee aliyeuliza kama samaki ataomba kanisani. Nikaona mabega yake yanatikisika. Akaweka fimbo kwenye kigogo, akamshika Tumaini mkono, wakaenda kwake bila kugeuka nyuma.

Na dada yako Sekela alikuwa amesimama njiani na gunia la mchele kichwani, ametoka mashineni, amesikia yote.

"Wewe mama Neema! Unampigia mkweo kelele kama mpiga debe? Kunja, inua, simama! Kaka yangu hata kaburi halijajengewa, umeshaanza kumwamuru baba yake?"

Nikamwambia, "Shangazi, mtoto alikuwa anazama."

"Mtoto alikuwa nchi kavu, wewe bado unasema kunja! Masikio ninayo."

Na ni kweli. Kelele ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Zilizofuata zilikuwa za samaki. Labda zilikuwa zako.

Sasa ameitisha kikao cha ukoo, Jumapili baada ya ibada. Anasema nimevunja nyumba, kwamba nirudi kwetu Ikolo nikafundwe upya. Nikauliza, na watoto? Akasema, "Watoto wana kwao. Hapa ndipo kwao." Alisema akiwa anachagua ndizi zangu mbivu kwenye mkungu, wala hakuinua macho. Tumaini alisikia. Usiku huo alilala ameshika kanga yangu, na kila nikijigeuza anauliza, "Unakwenda wapi?"

Nao hawawezi kuamua bila baba yako. Na baba yako hasemi. Tangu siku ile hajaja bwawani. Amelala ndani amegeukia ukutani, Tumaini anasema hivyo. Uji naupeleka mpaka mlangoni kwa mkono wa mtoto, unarudi na utando juu. Siwezi kujua amekasirika, au anaumwa, au anakulilia. Ningekuwa mtu mwingine yeyote kwenye kijiji hiki ningeingia, ningemshika paji la uso, ningemuuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Ni mimi tu nisiyeweza, na ni mimi tu niliyemwona.

Ajabu ni kwamba njia sasa iko wazi. Kutwa nzima hakuna mtu kwenye kigogo. Naweza kwenda kisimani, naweza kwenda Mwaya nikipenda. Jana nilifika na ndoo mpaka pale migomba inapoishia, nikasimama. Miguu ilikataa. Alipokuwepo nilikuwa najua ninamkwepa nani. Nikarudi na ndoo tupu, Tumaini akaenda kuteka kwa kidumu kidogo, akarudi mara nyingi, mtoto wa watu.

Baba Neema, wewe unajua huu mwiko unavyofunguliwa. Si kwa shangazi, si kwa kikao. Mkwe mwenyewe akimsemesha mkamwana kwanza, mbele ya watu, umekwisha. Uliniambia bibi yako ndivyo alivyofunguliwa. Mimi siwezi kumwomba, maana kumwomba ndiko kumsemesha, na nikimsemesha mara ya pili Sekela atanifungia mizigo mwenyewe.

Wewe unaweza. Anapolala huko ukutani, mjie. Wewe ni mwanawe, huhitaji kukohoa mlangoni. Usimwambie anisamehe, hilo nimwachie mwenyewe. Mwambie tu kwamba ile sauti aliyoisikia ilikuwa ya mtu aliyefundishwa na wewe. Mwambie sikumdharau. Mwambie alimrudisha samaki vizuri, hata wewe ulikuwa unawashika kwa nguvu zaidi.

Nami nakuahidi hivi. Jumapili nitakwenda. Nitakaa chini, nitafunika kichwa, nitampa mgongo kama ninyi mnavyotaka, sitajibizana na dada yako hata aseme nini. Lakini bila Tumaini mkononi siondoki kwenye ardhi hii, na Neema akifunga shule atanikuta hapa hapa. Wakitaka wanibebe.

Lala salama, mume wangu. Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Udongo wa kwenu usikulemee.

Ila usilale kwanza. Leo ni Ijumaa. Nenda kwa baba yako upesi, kesho usiku ndiyo mwisho, umwambie Jumapili aseme neno moja. Hata kama ni la kunigombeza, hata akisema "Wewe mwanamke una kelele." Ila alielekeze kwangu, si kwa Tumaini, si kwa ukuta.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema