Sabini na Nane Si Alama ya Mtihani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimechoka kubishana peke yangu. Naitwa Samah, niko Tanta, nina Hazem wa miaka saba na mwingine bado ananyonya. Mwaka jana shemeji yangu Munir, ndugu wa mume wangu, alianguka akicheza mpira na hakuamka tena, kijana mbichi kabisa, hospitali wakasema misuli ya moyo ilinenepa, ni ugonjwa wa kurithi, ndugu wote wapimwe. Nikamsumbua mume wangu Wagdi, yeye hubeba magunia ya saruji na kwenye ngazi husimama kutafuta pumzi akisingizia sigara, mwishowe akaenda kupimwa peke yake, karatasi ya majibu ikasema moyo unasukuma asilimia sabini na nane, ukuta wa kati milimita kumi na tisa, amwone daktari bingwa wa moyo. Mama mkwe kusikia sabini na nane akapiga vigelegele kama siku ya matokeo ya shule, akakoroga sharubati nyekundu akagawia jengo zima, na Wagdi karudi kwenye saruji. Niliposema Hazem naye apimwe, mama mkwe akanijibu, "Baba kafaulu, wewe unamtafutia mtoto kufeli? Na wifi yako ataposwa na nani, tukijulikana tuna mioyo mibovu?" Wagdi anakoroga chai tu. Je, mimi ndiye mwenye wasiwasi uliozidi?

Samah, pole kwa msiba na kwa uchovu. Hujazidisha kitu. Nimemuuliza daktari wa moyo, nawe sikiliza.

Sabini na nane si alama. Ni sehemu ya damu inayosukumwa nje kila moyo unapopiga, na hakuna moyo unaotoa yote. Mzima hutoa kama hamsini na tano hadi sabini. Moyo ulionenepa hubana sana, kwa hiyo namba hupanda. Mlichoruka ni ile kumi na tisa. Kwa mtu mzima ukuta huo kwa kawaida hauzidi kumi na mbili. Kumi na tano tayari ni ugonjwa wa kufuatiliwa, sembuse kwenye nyumba iliyozika kijana. Muulizeni bingwa pia kama damu inazibwa inapotoka moyoni, akiwa ametulia na akijitutumua. Si hukumu ya kifo. Wengi huzeeka nao, ila kwa uangalizi.

Kosa lako ni kumwacha aende peke yake. Safari hii fuatana naye. Magunia yakae chini mpaka aonane na bingwa, na akizimia au kifua kikimbana, hospitali hapohapo. Hazem apimwe, na akionekana mzima apimwe tena kadiri anavyokua, maana unene huu huweza kuchelewa kujitokeza. Wifi naye apimwe. Mposaji akikimbia kipimo, mwacheni akimbie.

Mama mkwe usimpigie kelele, kazika mwana. Kaa naye jikoni umwambie polepole: "Mama, hata Munir kama angepimwa, huenda angepata sabini na nane yake." Kisha mvishe Hazem viatu, mwende akapimwe.