Mkasi wa Mhariri

3 Machi

Mjukuu wangu,

Kabla ya salamu pokea hili: tangu mwaka jana nimekuficha kitabu chini ya godoro langu. Kinaitwa Hadithi za Foleni. Hadithi zote zilizomo ni zako, zile unazoandika kwenye blogu yako juu ya wagonjwa wanaosubiri pale mapokezi unapofanyia kazi. Jina lako halimo popote. Jalada lina jina la mchapishaji peke yake, yule niliyemhariria vitabu vyake mpaka nikastaafu.

Sasa salamu. Hujambo? Wadogo zako hawajambo? Mimi nipo, ila kifua kinanielemea. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, anasema, "Tutaona, mzee." Nimeishi na maneno muda mrefu, najua hayo yana maana gani.

Kitabu nakutumia pamoja na barua hii. Usinune sana ukazeeka kabla yangu.

Babu yako

11 Machi

Mume wangu kibogoyo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wadogo zangu wanakusalimu. Dawa unakunywa, au bado unayamwagia maua ya dirishani?

Kitabu nimekisoma nikiwa nimesimama pale mapokezi. Mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimeibiwa. "Simu?" Hapana, mama, hadithi. Akanitazama, akasema, "Basi si utaandika nyingine?"

Kesho yake nikaenda kwa mchapishaji. Alinivutia kiti, akaniagizia soda, akasema, "Dada, kilichoko mtandaoni ni cha wote. Umekianika nje mwenyewe." Nikamwambia nguo zangu pia naanika nje, na mtu akizianua akaondoka nazo hatusemi zilikuwa za wote. Soda yake niliiacha mezani.

Nataka vitabu viondolewe madukani na jina langu lirudi kwenye kazi yangu. Wakili wa chama cha waandishi amekubali kunisimamia, anasema hakimiliki ni yangu tangu siku nilipoandika, iwe kwenye karatasi au kwenye simu.

Mawili yananisumbua. La kwanza, kwa nini ulinificha? La pili, hadithi ya marehemu mama imo. Ile niliiweka mtandaoni jioni moja, wadogo zangu wakaisoma wakalia, na asubuhi nikaifuta. Mchapishaji anasema alinakili zote Agosti iliyopita. Mwezi huo hadithi ya mama ilikuwa imeshafutwa mwaka mzima. Ameitoa wapi?

Mjukuu wako, mke mdogo

20 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nafurahi hamjambo. Maua yamestawi, sitasema zaidi.

Nilikuficha kwa sababu niliona aibu. Mtu niliyefanya naye kazi miaka yote ile.

Kuhusu hadithi ya mama yako, mtandao una watu wengi, huenda mmoja aliihifadhi usiku ule. Usiitilie maanani. Mwambie wakili ashike zile nyingine, zinatosha.

Mkono umechoka.

Babu yako

4 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini unalala vizuri zaidi. Sisi wazima.

Wakili anasema kinyume chako. Hadithi ya mama ndiyo ya kushika kwanza, kwa kuwa haikuweza kutoka mtandaoni. Alipombana mchapishaji, yule bwana akageuza maneno: sasa ana karatasi alizoletewa, lakini hazitoi, wala hasemi nani alizileta. Anasema aliyezileta alimwambia hazina mwenyewe.

Babu, hadithi ya mama niliichapa mara moja tu, pamoja na zile nyingine, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho yako.

Sikuulizi kitu. Nakuarifu tu kwamba siachi. Kesi itatajwa tarehe kumi na mbili Mei, na nitaifuata hata ikinifikisha kwa mtu ninayempa shikamoo. Ila mtu huyo akisema mwenyewe, nitajua bado ni yule aliyenilea.

Mjukuu wako

2 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi si mzima, na safari hii sina mzaha wa kuifunika habari hiyo. Naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Unasema huniulizi kitu. Mama yako naye alikuwa hivyo; akisema haulizi, ndipo mtu anakosa pa kujificha.

Mimi ndiye niliyempelekea. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilitaka tu hadithi zako zipate karatasi kabla sijafa, maana zikiwa mtandaoni niliziona kama maandishi ya kidole kwenye vumbi la gari. Lakini ingekuwa hivyo ningekuuliza. Ukweli ni kwamba maisha yangu yote nimenyoosha sentensi za wengine, nimewatafutia miisho ya hadithi zao, na hakuna jalada lililonitaja. Nilipokaa na zako, kalamu nyekundu mkononi, sikupata cha kurekebisha. Niliona wivu, mwanangu. Wivu wa mzee kwa mtoto aliyemfundisha kusoma.

Mchapishaji usimwachie. Alijua mimi sina hadithi hata moja. Aliniuliza mara mbili ni za nani, akaridhika na jibu la uongo kwa kuwa lilimfaa. Mpe wakili barua hii. Nimetia sahihi kila ukurasa, na muuguzi anayenihudumia ametia yake kama shahidi. Wakinihitaji nami nikiwa bado napumua, waje na kiti cha magurudumu, nitakwenda kusema.

Ndani ya bahasha utakuta vipande vyembamba vya karatasi. Unakumbuka kazi yangu ilikuwa ya mkasi na gundi, kompyuta sikuizoea kamwe. Mchapishaji akilazimishwa kutoa zile karatasi zake, viunganishe nazo kimoja kimoja. Kingo zitakutana. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na mkato wa namna ile hakuna awezaye kuuiga.

Usidhani aliniagiza. Nilifika kwake nimeshamaliza, hapa hapa nyumbani, juu ya meza yangu ya kulia. Kila hadithi uliandika jina lako juu, na ile ya mama yako uliandika pia jina lake, mwanangu wa kumzaa. Niliyakata yote mawili.

Babu yako