Dakika Nne za Jeff

Kiamunyi, Nakuru
9 Machi 2008

Ndugu yangu Kahiga,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Natalie, na kwamba baridi ya huko Wales imeanza kulegea. Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama kufunga viatu? Sisi tungali hai, na mwaka huu mtu hasemi hivyo kwa mazoea tu. Mke wangu Truphosa anawasalimu sana. Mvua haijaanza na vumbi linaingia hadi kwenye chai, lakini moshi umeisha. Watu wameanza kusalimiana tena, ingawa kila mmoja humwangalia mwenzake mara mbili kwanza.

Najua unashangaa kupata barua wakati kuna simu. Kwenye simu ungenikatia kabla sijamaliza, na mimi ningeshukuru. Ndiyo maana naandika.

Nianze na timu, maana ndiyo iliyotukutanisha. Timu ya pili ya taifa ya raga iko vilevile ulivyoiacha. Bado tunavaa jezi ambazo timu ya kwanza imezichoka. Mwaka jana tulipewa seti ambayo namba kumi na tatu ilikuwa na damu ya mtu, na hakuna sabuni iliyoiondoa. Unakumbuka Lusaka, mwaka wa themanini na tano? Tulilala juu ya madawati ya shule, tukaamka tukawapiga wenyeji kwao, na gazeti la hapa likatupa mistari miwili na kukosea majina yote. Mwaka uliofuata wewe ukaitwa timu ya kwanza, halafu ukaenda ng'ambo. Mimi nikabaki. Nilikuwa mchezaji, nikawa mbeba maji, sasa ni kocha. Historia yote ya timu hii ndiyo hiyo, watu wanapita juu yako kwenda mahali pengine. Vijana wakipandishwa huja kunipa mkono haraka haraka, kama mtu anayeagana na bawabu.

Kisha ukanitumia Jeff. Kijana wa miaka kumi na tisa, mabega kama yako, adabu kama ya mamake. Ukaniandikia barua ndefu ukanieleza ile sheria, ambayo mimi, kocha mzima, sikuwa naijua vizuri. Kwamba mchezaji akiingia uwanjani kwa timu ya pili ya taifa dhidi ya timu ya pili ya nchi nyingine, hata kwa dakika moja, amefungwa na taifa hilo maisha yake yote. Kwamba Wales, alikozaliwa mamake, walikuwa wanamwangalia na wangemwita Septemba. Ukaniomba afanye mazoezi nasi apate nguvu, lakini asiguse mechi. Mwishoni ukasema nisikasirike, ila timu ya pili ni ya watu ambao hawakutosha, na mwanao anatosha.

Sikukasirika mbele ya watu. Niliikunja hiyo barua nikaitia mfukoni mwa shati, nikawa naenda nayo mazoezini mwezi mzima.

Agosti wakaja Waganda, timu yao ya pili, tukacheza nao hapa Nakuru. Unajua kilichotokea, au unajua nilichokwambia. Nilikupigia simu jioni ile nikakueleza kwamba Obura, winga wetu, aliumia mguu zikiwa zimebaki dakika nne. Nikasema Jeff alinisihi aingie, akaniapia kwamba wewe umeshamruhusu. Ukaniambia pole kwa kuwekwa katika hali hiyo. Ulinipa pole mimi.

Jeff akaambiwa na wewe kwamba ameitupa bahati yake kwa mikono yake mwenyewe. Wales wakaandika kwamba mlango umefungwa. Ukaacha kupokea simu zake, ukaacha kumlipia nyumba, na kijana akahamia chumba kimoja Kaptembwo, akawa anabeba magunia sokoni. Sikumchukua nyumbani kwangu. Nilikuwa na chumba tupu, Kahiga, na sikumchukua. Nilikuwa nampita pale sokoni namwambia akaze moyo.

Halafu Januari ikaja na ghasia za uchaguzi. Mji ulipoanza kuwaka alikupigia simu siku tatu mfululizo, akitaka tikiti tu ya kuondoka. Hukushika. Jumamosi ile vijana waliingia na mapanga kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga, wakawauliza watu majina. Yeye akataja jina lako, maana ndilo jina lake. Waliomkamata walizungumza lugha ya mamangu. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na mkono huo sasa una vidole vitatu. Nimekuficha hilo kwa wiki sita kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba. Yuko hapa kwangu tangu siku hiyo. Truphosa ndiye aliyemleta; mimi nilikuwa nimejifungia ndani.

Sasa nikwambie nililokalia kuandika.

Obura hakuumia. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi ishirini na sita na hakuna aliyekuwa amechoka. Nilisogea kando ya uwanja nikamwambia Obura alale chini ashike mguu, na kwa kuwa mimi ndiye kocha, akalala. Jeff nilimweka benchi asubuhi ile nikimwambia ni kujaza orodha tu. Nilipomwita aingie alisita, akaniuliza kama baba anajua. Nikamwambia, "Mimi na baba yako tumeshaongea." Hakunisihi, hakuapa, hakutaka. Niliangalia saa mpaka dakika nne zikaisha, na nikakwambia moyoni mwangu kwamba sasa mwanao ni wa timu ya wasiotosha. Nilifurahi. Nisingekuwa mkweli nikisema nilijuta siku hiyo, au hata mwezi huo. Nililala usingizi mzuri sana.

Juzi, alipofunguliwa bandeji, nilishindwa kuutazama ule mkono nikamwambia yote. Nilitegemea anipige, na kwa kweli nilitaka anipige. Jeff akaniambia kwa upole kwamba anajua. Obura alimwambia siku ileile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kabla hata hajavua jezi. Nikamuuliza kwa nini basi ulipomfokea kwenye simu, ukamuuliza kama ni kweli aliomba kuingia, alijibu ndiyo, na akaacha umtupe.

Akasema kwamba tangu akiwa mdogo, kule Wales, amekuwa akikuona ukikaa peke yako Jumapili, watu wa huko hawakuzoei na wewe huwazoei, mpaka simu yangu ilie. Hapo unacheka. Akasema baba yake ana rafiki mmoja tu duniani, na yeye angeweza kuishi bila Wales, lakini hakutaka kuwa mtu wa kumpokonya baba yake huyo mmoja.

Basi nimekupokonya mimi. Sikuombi msamaha, na ukiutuma nitaurudisha. Mpigie mwanao. Namba ni ileile ambayo hukuipokea, na bado Jeff hulala na simu karibu na sikio.

Msalimu Natalie, na Truphosa anasema anamwombea kila siku. Mungu awape nguvu ya kuisoma hii barua mpaka hapa, na afya ya kuwafikisha nyumbani kumwona.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako,

Micah Kiptanui