Kipande cha Sufuria Kinachopoza Leza

Jumatatu, 6 Julai 1998
Manyunyu tangu alfajiri. Kipande kimekamilika – alumini ya sufuria iliyotoboka, ukubwa wa kiberiti, meno saba. Kazi yake kunyonya joto la daiodi ya leza, lile jicho linalosoma CD. Madeki ya Dubai yamejaa siku hizi mpaka Masukulu, na yote yanakufa ugonjwa mmoja: jicho linaungua. Ikupa, mke wangu, alileta ndizi. Nikala, nikapima palepale mezani. Saa nzima imewaka! Kipimajoto nilichoazima kwa Mwalimu Julius wa sekondari: nyuzi 27.

Jumanne, 7 Julai
Nilikwenda Igogwe kutengeneza redio, nikamwachia fundi mwenzangu Ezron apime mezani kwake. Narudi – eti nyuzi 51, na daiodi imekufa. Eti kipande changu ni kidogo mno. Kipande kilekile! Miaka sita meza zetu zinatazamana hapa Makandana, leo ndiyo mara ya kwanza namwona anakwepa macho yangu.

Jumatano, 8 Julai
Imebaki daiodi moja, ya deki ya mchungaji wa Kyela. Nimeipima mwenyewe baada ya kula. 27 tena. Sasa nani mwongo, kipimajoto? Ambindwile wa duka la jirani anasema alimwona Ezron stendi, wananong'ona na fundi wa Mbeya. Ambindwile mdomo wake hauna kufuli, najua. Lakini limeniingia. Daiodi nimeifungia kabatini, ufunguo nauvaa shingoni.

Ijumaa, 10 Julai
Ezron kaomba tupime pamoja, mezani kwake. Aniunguzie na ya mwisho? Nikamwambia wazi kwamba ile ya kwanza aliiua makusudi, anataka kwenda Mbeya na jina langu likiwa limeharibika.
Kaweka bisibisi mezani. Halafu: "Kaka, miaka sita nimekuharibia nini?"
Kaondoka kwenye mvua, vifaa vyake kaviacha. Mtu msafi huondoka hivyo?
Deki ya mchungaji nimeifunga na daiodi ile na kipande cha pili, pacha wa hiki, nikaipakia basi la saa nane. Kesho binti wa mchungaji anaolewa, muziki kutwa nzima, na joto lile la Kyela. Nimewapa neno langu kwamba haitazima.

Jumamosi, 11 Julai
Ikupa kaleta ndizi. Kama kawaida katanguliza majani mabichi ya mgomba, yanachuruzika maji, kayatandika mezani kwangu. Hubaki hapo mpaka jioni. Nikaweka kiganja kuchukua koleo – baridi ya kisima!
Kipande changu kililala juu ya majani haya siku zote mbili. Majani ndiyo yaliyokuwa yanapoza. Huku kwetu nani huyaona majani ya mgomba mezani? Meza ya Ezron ni ubao mtupu, yeye hula kwa dada yake.
Nimehamia kwenye ubao wake. Daiodi sina, nimeweka rezista yenye moto uleule. Dakika ishirini: 44. Kyela harusi imeanza saa nne. Naona aibu hata kwa Ikupa, ananiuliza mbona nimekaa kiti cha Ezron.
48.
Ezron yuko mlangoni, kafuata vifaa vyake. Kaona kipimajoto kilipo. Anakuja. Kainama anakisoma. Naandika ili nisimtazame.
51.