Mshale Uliokatika Kati ya Ruiru na Thika

Mama Kui,

Jana nililitoa jina lako. Nilikaa mbele ya kompyuta kidole kikiwa juu ya kitufe kwa muda mrefu, hadi bosi akapita na kuuliza kama stima zimepotea. Nataka uyasikie kutoka kwangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na karibu mtu afe.

Mezani kwako sijabadilisha kitu. Kikombe chako chenye ufa bado kina kalamu. Sweta lako la kijani nilimpa Kui wako. Alilinusa, akatoka nje bila kuaga. Kazi ni ile ile. Watu wa Ruiru, Witeithie, Kalimoni na Theta wanapiga simu wakitaka mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa aliye nyumbani, mimi naandika, stoo ya Thika inapeleka.

Nikikumbuka nilivyokukuta! Ofisi yetu ya Ruiru ilikuwa na apu yake ya kupangia kazi, Thika walikuwa na yao, na hakuna aliyetaka kuhama. Baba Njeri wa stoo alisema akilazimishwa atarudi kulima nduma. Kwa hivyo kila oda uliiandika mara mbili, halafu ukapiga simu kuuliza kama wameiona. Kisha ukasikia mahali kwamba apu mbili zinaweza kuunganishwa na mtu yeyote, hata ambaye hakusomea kompyuta. Siku tatu ulikula chakula cha mchana mbele ya skrini. Hukuandika lugha yoyote ngumu. Ulichagua visanduku, ukaviunganisha kwa mshale. Mimi sikuelewa. Ukanionyesha dirishani, kamba za nguo za ploti ya pili, ukasema, "Nekesa, si wewe humwambia jirani, ukiona mvua nitolee nguo? Basi huyu ndiye jirani. Akiona kadi ya oda imeingia upande wa Leo hapa kwetu, anaiandika kule Thika. Wewe unaendelea na chai yako."

Hapo nikaelewa, na sijasahau.

Jirani huyo alikuwa akifanya kazi kwa akaunti yako. Kila oda ilipofika Thika ilikuja na maneno, "Mama Kui amekupa kazi mpya." Ulipokuwa hai hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Siku ya kwanza kazini baada ya mazishi, Baba Njeri alinipigia. Akasema, "Mama Kui ametutuma Witeithie." Tukacheka wote wawili, halafu tukashindwa kuendelea. Ikawa desturi yetu. "Huyu mama hata huko hapumziki," angesema. "Leo ni Theta mara mbili, na vile anajua hiyo barabara ilivyo mbovu." Bosi aliniambia mapema niweke akaunti yangu badala ya yako. Nikasema nitafanya. Alipouliza tena nikasema nimeshafanya. Nilimdanganya, Mama Kui, mimi ambaye ulisema siwezi kudanganya hata mtoto. Sikuweza kukutoa. Kila asubuhi ulikuwa unamtuma mtu mahali. Ningekuzuiaje?

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu ya guka, yule babu wa Kalimoni. Ni yule uliyempelekea mtungi wa kwanza wewe mwenyewe, akakuita muiritu, ukatembea siku nzima ukijiita msichana. Mama Shiro, mke wa mwanawe, alipiga saa mbili asubuhi. Mtungi umebaki robo. Nikaandika kadi, nikaiweka upande wa Leo, nikamwambia watafika kabla ya saa nne. Saa nne na nusu akapiga tena. Nikatazama, kadi iko pale pale, nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, "Iko njiani, mama." Saa tano akapiga mara ya tatu. Hakusalimia.

"Nekesa, sindano ya mtungi imeingia kwa nyekundu. Mtu wenu ako wapi?"

Nikapiga Thika. Baba Njeri alikuwa anakunywa chai.

"Kazi gani? Leo hakuna kitu imeingia hapa."

Sijui nilimwambia nini. Nakumbuka neno Kalimoni, na guka. Aliiacha simu mezani bila kuikata. Nikasikia kiti kikianguka, nikamsikia akimwita Otieno dereva, mitungi ikigongana, na gari likikataa kuwaka mara moja, mara mbili. Likawaka.

Nikampigia tena Mama Shiro. Alikuwa amemkalisha guka kwenye kiti karibu na mlango, na mito mgongoni. Nilimsikia mzee kwenye simu. Ile pumzi, Mama Kui, kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa. "Usikate," Mama Shiro akaniambia. Sikukata. Akawa ananitajia alichokiona barabarani. Bodaboda. Lori la mawe. Ng'ombe wa jirani. Lori lingine. Kila injini iliposikika alinyamaza, na mimi nikanyamaza, kisha ikapita.

Halafu akasema polepole, "Imeisha."

Nilianza kuomba kwa Kibukusu. Sijaomba kwa lugha ya kwetu tangu nije huku. Nilimwomba Mungu, na samahani, nilikuomba na wewe, kana kwamba bado unaweza kumtuma mtu.

Nikasikia geti. Nikasikia Otieno akisema, "Mama, shikilia mlango," na chuma kikiburutwa kwenye simiti. Kisha sauti ya spana. Kisha muda ambao siwezi kuueleza. Na mwisho guka, kwa sauti nyembamba lakini yenye hasira zake zote: "Huyo muiritu wa Ruiru alikuwa amelala?"

Nililia hadi yule mama wa kuuza ndizi nje akaja kuchungulia mlangoni.

Oda nyingine mbili zilikuwa zimekwama asubuhi hiyo, ila wenyewe walikuwa na akiba. Mchana Baba Njeri akapiga. Aliongea kwa shida. "Nilipoona kumenyamaza, nilidhani umeshamtoa Mama Kui, na ukiwa na oda utapiga simu. Nikaona nisikuulize, usije ukaanza kulia." Ndiyo maana alikuwa ametulia na chai yake. Yeye alikuwa ananionea huruma, mimi nilikuwa nakuhifadhi, na mzee wa watu akakosa pumzi katikati yetu.

Sababu yenyewe ni ndogo. Apu ya Thika humwuliza mwenye akaunti kila baada ya muda kama bado yupo. Ilikuwa imekuandikia kwenye barua pepe yako. Ilikuuliza mara tatu kama bado upo, na hukujibu, basi ikaukata mshale.

Nilimweleza bosi ukweli wote. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Akasema, "Mpaka utengeneze, kila oda ni kwa simu. Lakini kwanza nenda Kalimoni ukawaambie hao watu kwa mdomo wako." Nikaenda. Mama Shiro hakunipa mkono, akanipa kiti. Nilimweleza guka kila kitu, mpira wa oksijeni ukiwa puani mwake. Aliuliza, "Huyo Mama Kui ni yule alikuja amevaa gambuti za mvua za bwana yake?" Nikasema ndiye. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Basi mwacheni apumzike."

Jumamosi nikaenda Thika kwa Kui. Nilihitaji simu yako, kwa sababu nambari ya kufungulia akaunti hutumwa huko. Haikuwa imewashwa tangu tukuzike. Tuliichaji tukiitazama kama uji unaotaka kufurika. Ilipowaka meseji zilimiminika, watu wa kanisa, watu wa chama, na moja ya Kui mwenyewe ya siku ile ulipoanguka: "Mum niko karibu." Nambari ilipoingia aliisoma mara moja, akaigeuza simu kifudifudi, akanitajia kwa kichwa tarakimu zote sita bila kukosea.

Nikaingia. Kulikuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza kusema ndiyo, nipo. Ningekibonyeza ungerudi. Jumatatu asubuhi ungewatuma watu tena. Kui aliniangalia.

Chini yake kulikuwa na kazi ambayo hukuimaliza. Ulikuwa umeiita "Tukipata nafasi." Visanduku vitatu tu. Kadi ikikaa upande wa Leo dakika kumi. Na Thika wawe hawajaipokea. Kisanduku cha tatu kilisema: mwambie Nekesa.

Kumbe ulishaliona hilo shimo. Na wa kuambiwa ulikuwa umeshamchagua.

Jana niliimalizia, kwa akaunti yangu. Nilitengeneza kadi ya kujaribu, nikamwambia Baba Njeri asiiguse hata ikimwasha mikono. Tulingoja. Dakika ya kumi simu yangu ikalia. Kisha akaipokea, akanisomea kilichoandikwa kwake: "Nekesa amekupa kazi mpya." "Imeingia," akasema. "Huyu mgeni anatuma vizuri." Ndipo nikakitafuta kile kitufe cha kukutoa.

Guka anaendelea. Jana ameletewa mtungi saa tatu na amelalamika kwamba Otieno anaacha geti wazi.

Nakuahidi hivi. Kila asubuhi nitapiga simu Thika, hata mishale yote ikiwa mizima. Bosi akiniuliza kama jambo limefanyika, nitamwambia lilivyo. Kui nitamtembelea kila mwisho wa mwezi, na kikombe chako hakitoki mezani.

Nenda salama, Mama Kui. Usisikilize tena kama kunanyesha. Nguo nitazitoa mimi.

Wako,
Nekesa