Upepo wa Tairi Zangu

Baba Cindy,

Maharagwe yameiva, yatie tui tu, na usiyaunguze. Kuku wape maji. Kesho Cindy aende kanisani na viatu, si kandambili.

Nimekwenda Kwale na wenzangu wa baiskeli. Tutalala kwenye hema, kesho jioni nitarudi, Mungu akipenda.

Ndiyo, nimekwenda! Alfajiri nimekukuta uani umechuchumaa na bukta, watoa upepo kwenye tairi zangu. Nikakuuliza, "Wafanya nini?" Ukajibu, "Naangalia kutu." Kutu ya mpira, mume wangu? Halafu ukakimbilia kitandani ukajifanya umelala, wakoroma kama jenereta.

Basi ujue, njia ya mchanga yataka tairi laini. Upepo uliotoa ningeutoa mwenyewe. Asante, fundi.

Najua ni ule mteremko wa Golini ulioning'oa jino mwaka jana, nawe ukanipeleka hospitali ukilia kunishinda mimi. Lakini ukiogopa niambie kwa mdomo, usizionee tairi. Ungesema tu "usiende," ~~ningebaki~~ ningekwenda vilevile, ila ningekukumbatia kwanza.

Mkeo,
Mama Cindy