Nyumba ya Tano, Mtaa wa Miarobaini

Jumamosi, Ikwiriri. Jua limetoka baada ya siku tatu za manyunyu. Barabara zinakauka. Mimi tu ndiye nisiyeelewa niko wapi.

Ni saa kumi alasiri, naandika nimekaa kitandani gesti, viatu vina tope. Kaka amepiga simu mara nne. Sijapokea.

Leo nimetembea. Hapa mapokezi wana karatasi iliyochorwa na mwalimu mmoja mstaafu: mishale, na nyumba sita za zamani ambazo mgeni anaweza kuziangalia mwenyewe kwa miguu. Zote ziko upande ule wenye miti, ambako miarobaini imekutana juu ya njia hata mchana unapita kivulini. Nyumba za wafanyabiashara na mafundi wa zamani, kuta nene za chokaa, baraza ndefu, mabati mekundu kwa kutu.

Ukweli ni kwamba sikuja kutalii.

Nilikuja kupiga picha nyumba ya tano. Tangu tukiwa wadogo mama alituambia ile ilikuwa nyumba ya babu, fundi seremala, na kwamba familia moja ya Kihindi ilimdhulumu. Mama amefariki miezi mitano iliyopita. Kaka Athumani anataka kufungua shauri la ardhi Jumatatu, na nimekubali jina langu liwemo. Akaniambia nipige mbele, ubavuni na milango. Nijifanye mgeni.

Nikaanza na nyumba ya kwanza, nisishtukiwe. Nimwombe Mungu msamaha, nilifurahia. Kufika ya tatu nilishasahau kilichonileta.

Ya tano nikamkuta barazani mama mmoja wa Kihindi, mtandio kichwani, anapeta mchele. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na karatasi ya mwalimu? Piga tu picha, usione haya.”

Nikapiga. Mbele. Ubavuni. Nilipochuchumaa kuupiga mlango, akaweka ungo chini.

“Hebu geuka. Wewe si wa Mwanahawa?”

Mwanahawa ni mama yangu.

Sikuweza hata kukana. Akanivuta ndani, akanikalisha, akanimiminia chai, akaniambia anaitwa Shirini, kama vile jina hilo nalijua. Silijui. Sijalisikia maishani mwangu.

Alisema babu yangu alimuuzia baba yake yeye Shirini nyumba kwa hiari, akahamia Salale kwa mke mwingine. Bibi yangu alikuwa ameshafariki. Mama, mtoto wa miaka tisa, aliachwa hapahapa. “Tumelala kitanda kimoja miaka sita, mimi na yeye. Wali haumshuki bila ndizi mbivu, anaiponda humohumo kwenye sahani. Na huko kwenu nako ana mchezo huo?”

Alikuwa nao. Mpaka wiki ya mwisho.

Kumbe kila mwaka baada ya Idi mama alikuwa anakuja hapa. Sisi alituaga kwamba anakwenda Mtunda kuzuru makaburi.

Hati hakunionyesha, wala sikuiomba. Huenda naye anasimulia kama alivyosimuliwa na baba yake. Lakini ndizi je? Na kama mama alidhulumiwa, alikuwa anafuata nini kwenye nyumba ya waliomdhulumu, tena kwa siri? Nimewaza njia nzima. Labda ni rahisi kumwambia mtoto wako kwamba baba yako aliporwa nyumba kuliko kumwambia kwamba baba yako alikuacha. Labda. Simjui tena mama niliyemuogesha na kumzika.

Halafu Mama Shirini akauliza, “Mbona mwaka huu hajaja? Hajambo?”

Mdomo wangu ukajibu wenyewe.

“Hajambo.”

Akashukuru Mungu. Akafungua kabati, akatoa doti ya kanga aliyomnunulia, bado ina karatasi ya dukani, akanipa nimpelekee. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaaga. Nyumba ya sita sikuiona.

Nimefanya nini leo? Nimeingia nyumba ya mtu na nia ya kumtoa, nikanywa chai yake, nikamficha msiba wake. Maana ni msiba wake pia, hilo sasa nalijua, hata kama mengine yote siyajui.

Nimemwandikia kaka: “Jumatatu usiende. Jina langu litoe. Nikirudi nitakueleza.” Amejibu kwa alama za kuuliza tupu. Picha sijamtumia.

Nilitaka kuondoka na basi la asubuhi, nimeghairi. Asubuhi nitarudi kule bila karatasi ya mwalimu. Nitamwambia kwanza kwamba Mwanahawa hayupo. Tukishamlia, nitamwambia kilichonileta, na akitaka kunifukuza, anifukuze.

Ila nitaanzaje? Nikifika tu pale barazani, atatabasamu aulize kama kanga itampendeza mama.